Faili Zilizopaa Embakasi

Wewe uliyetoka Viwandani sasa hivi na viatu vya kazi bado viko miguuni, wewe mama unayegeuza chapati kando ya barabara, na wewe kijana wa boda unayetusikiliza kwa simu ukingoja abiria pale stagi, nisikilizeni. Tarehe 20 Oktoba, Siku ya Mashujaa, inakaribia, na jioni hii nataka tuzungumzie karatasi. Ndiyo, karatasi. Nivumilieni kidogo, mtaona zinavyohusika na mashujaa, na zinavyotuhusu sisi wa Mukuru kwa Reuben.

Naanza na swali. Ukimpigia rafiki yako simu ukamwambia, "Tukutane Archives," unamaanisha wapi? Kila mtu Nairobi anajua. Ni pale Moi Avenue, mbele ya lile jumba la zamani la mawe, karibu na sanamu ya Tom Mboya. Hapo wapenzi hungojeana. Hapo ndipo shangazi akitoka ushago huambiwa asimame, ashike mkoba wake vizuri, asisogee mpaka aje kuchukuliwa. Jina hilo tunalitamka kila siku.

Sasa swali la pili. Je, umewahi kuingia ndani?

Nimewauliza majirani wengi swali hilo. Wengi walicheka. Mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, aliniambia amepita mbele ya mlango ule tangu aje Nairobi na hajui hata kama raia wa kawaida anaruhusiwa kuingia. Anaruhusiwa, mzee wangu. Jumba lile lilikuwa benki, Bank of India, na leo ndiyo Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965. Sakafu ya chini kuna vinyago, vitambaa na vyombo kutoka pembe zote za Afrika alivyokusanya Joseph Murumbi, yule aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966. Na zaidi ya vinyago hivyo, kuna faili. Maelfu kwa maelfu ya faili za serikali.

Nikueleze faili ya zamani ilivyo, kwa sababu huenda hujawahi kuishika. Karatasi ni nyembamba, rangi yake imekuwa kama ya chai ya maziwa. Herufi za taipureta zimepigwa kwa nguvu mpaka ukipitisha kidole nyuma ya karatasi unazihisi, hasa nukta, ambazo nyingine zimetoboa kabisa. Pini imeota kutu, imeacha alama mbili za kahawia. Pembeni, kwa penseli, disii Mzungu, yaani mkuu wa wilaya, ameandika maneno mawili matatu kwa haraka. Unakaa pale na unaona mkono wa mtu aliyeamua babu yako ahamishwe wapi, alipe kodi kiasi gani, akamatwe au asikamatwe. Mimi mara ya kwanza nilishikwa na baridi. Ilikuwa barua fupi tu ya kikazi, haina tusi wala kelele. Ilizungumza juu ya watu kama mtu anavyozungumza juu ya magunia ya mahindi.

Lakini ukiendelea kusoma, hasa faili za miaka ya Hali ya Hatari, ile ya vita vya Mau Mau, kuanzia mwaka 1952, unafika mahali penye pengo. Barua inajibu barua ambayo haipo. Ripoti inataja ripoti nyingine, na hiyo nyingine huioni. Zilienda wapi?

Hapo ndipo ninapowaomba msikie ndege.

Ukisimama hapa kwetu jioni kama hii, utazisikia zikipaa na kutua kule Embakasi. Tumezizoea kiasi kwamba watoto hawainui hata macho. Lakini uwanja ule ulijengwa na nani? Ulijengwa miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na sehemu kubwa ya jasho lililomwagika pale lilikuwa la wafungwa na mahabusu wa Mau Mau. Walivunja mawe, wakachimba na kubeba udongo, chini ya bunduki na kiboko, wakiharakishwa ili kazi iishe. Gavana Evelyn Baring akaufungua mwezi wa Machi 1958. Kituo cha abiria tunachokijua leo kama Jomo Kenyatta kilijengwa baadaye, upande wa pili, kikafunguliwa mwaka 1978. Lakini mwanzo wa uwanja ule ni mikono ya mahabusu.

Sasa sikiliza. Tarehe 3 Desemba 1963, siku tisa kabla ya bendera ya Uingereza kuteremshwa, masanduku manne yalipakiwa kwenye ndege ya kampuni ya British United Airways iliyokuwa ikitoka Nairobi kwenda Gatwick, Uingereza. Ndani mlikuwa na faili. Nyaraka nyeti za serikali ya kikoloni, za enzi ile ya vita. Na uwanja wa Nairobi wa ndege za abiria za ng'ambo wakati huo ulikuwa upi? Ni huu huu wetu wa Embakasi.

Narudia, maana nataka uende nalo nyumbani. Uwanja ulijengwa na mahabusu. Na habari za mahabusu zikaondokea hapo hapo, zikiwa zimefungwa kwenye masanduku, wiki moja na siku mbili kabla ya uhuru.

Haikuwa bahati mbaya, wala haikuwa mtu mmoja aliyeingiwa na hofu. Mwaka 1961 waziri wa makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, alitoa maagizo kwa makoloni yote yaliyokuwa yanakaribia uhuru. Nyaraka ambazo zingeiaibisha serikali ya Malkia, au kuwaaibisha polisi, wanajeshi na maofisa wake, au kuwafichua watoa habari wake, zisiachwe mikononi mwa serikali mpya. Basi faili zikachambuliwa mafungu mawili. Zile za kuachiwa Waafrika, na zile za kufichwa. Zile za kufichwa zilipigwa muhuri wa herufi W. Nani aliruhusiwa kuzigusa? Ofisa aliye raia wa Uingereza wa asili ya Ulaya, basi. Karani Mwafrika, hata kama ndiye aliyezipanga kabatini miaka yote, hakutakiwa hata kujua kwamba muhuri ule upo. Na faili ikiondolewa mahali ambapo pengo lingeonekana, ilitengenezwa pacha yake ya uongo, ikawekwa hapo ili kabati lionekane limejaa.

Nyingine zilichomwa moto. Maagizo yalisema zichomwe mpaka ziwe majivu, na majivu yenyewe yavunjwevunjwe. Kama moto haufai, zitiwe kwenye masanduku yenye uzito, zitoswe kwenye maji ya kina kirefu yasiyo na mkondo, mbali na pwani kadiri iwezekanavyo. Wewe mkazi wa Mukuru, unayejua takataka zinavyoachwa zijichokee kando ya mto, niambie: mtu husumbuka hivyo kwa kitu kisicho na thamani?

Serikali yetu ilijua. Tangu mwaka 1967 Kenya iliziomba faili hizo, ikakataliwa, na miaka iliyofuata ikaomba tena. Jibu lilikuwa kwamba ni mali ya Uingereza. Faili za watu wetu, zilizoandikwa kwa kodi ya watu wetu, zikawa mali ya mtu aliyeondoka nazo siku za mwisho.

Zilionekana lini? Tuyatazame hayo polepole, kwa sababu hapa ndipo wazee wetu wanapoingia.

Mwaka 2009 Wakenya watano wazee walifungua kesi London dhidi ya serikali ya Uingereza: Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi, Jane Muthoni Mara na Susan Ngondi. Walisema waliteswa kambini wakati wa Hali ya Hatari. Wanaume wawili walihasiwa. Wanawake walifanyiwa unyama ambao sitaueleza saa hizi, watoto bado hawajalala. Miaka hamsini walikuwa wakiyasema hayo vijijini kwao, na miaka hamsini waliambiwa ni hadithi za wazee. Lakini kesi ilipoendelea, wanahistoria wakaeleza mahakama kwamba kuna faili za Kenya ambazo hazionekani popote. Ikabidi zitafutwe. Mwanzoni mwa mwaka 2011 serikali ya Uingereza ikakiri: zipo. Zilikuwa kwenye jengo lake lenye ulinzi mkali, Hanslope Park, huko Buckinghamshire. Faili za Kenya peke yake zilikuwa kama 1,500, na pamoja nazo maelfu ya faili za makoloni mengine 36.

Ndani yake kulikuwa na nini? Nitataja kitu kimoja tu. Mwaka 1957 mwanasheria mkuu wa Kenya, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Baring kuhusu kipigo kambini. Aliweka masharti, nani apige na apigwe wapi mwilini, ili ionekane ni halali. Na akasema, kwa maana yake, kwamba ikiwa lazima tutende dhambi, basi tuitende kimya kimya. Mwanasheria mkuu, wasikilizaji! Mtu aliyelipwa kulinda sheria. Wazee wetu walikuwa wanasema kweli, na aliyewathibitishia ni adui yao mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini hapa nataka kukutahadharisha. Usidhani kwa sababu karatasi ina muhuri basi inasema kweli. Mnakumbuka Hola? Ni kambi ya mahabusu kule kando ya Mto Tana. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu waliokataa kufanya kazi ya shamba walipigwa na walinzi kwa virungu, watu 11 wakafa. Serikali ilitangaza nini? Taarifa yake ya kwanza ilisema watu wale walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Maji! Hiyo nayo ni karatasi ya serikali. Iliandikwa, ikasomwa. Uchunguzi wa kifo ndio ulioonyesha kwamba miili ile ilikuwa na majeraha ya kupigwa. Na yule Wambugu wa Nyingi, mmoja wa wale watano wa London, alikuwa Hola siku hiyo. Alipigwa hadi akazimia, akadhaniwa amekufa, akalazwa pamoja na maiti. Aliamka katikati ya wenzake waliokufa. Akaishi, akazeeka, akaenda kusimama mbele ya jaji akasema: nilikuwepo.

Kwa hiyo kuna mdomo na kuna karatasi. Mdomo peke yake walisema ni hadithi. Karatasi peke yake ilisema ni maji. Vilipokutana mdomo na karatasi, ndipo kesi iliposimama. Oktoba 2012 Jaji Richard McCombe aliruhusu kesi ya watatu kati ya wale wazee isikilizwe ingawa miaka mingi ilikuwa imepita, na sababu mojawapo ilikuwa wingi wa nyaraka zilizokuwa zimepatikana. Tarehe 6 Juni 2013 waziri wa mambo ya nje, William Hague, alisimama bungeni London akasema serikali yake inasikitika kwa mateso yale, na ikakubali kuwalipa watu zaidi ya 5,200. Mfalme Charles naye alikuja hapa Nairobi mwishoni mwa Oktoba 2023 akasema ukatili ule haukuwa na udhuru wowote. Neno "samahani" bado tunalingoja.

Na wale waliochelewa? Kesi nyingine, ya Wakenya zaidi ya 40,000, ilitupwa mwaka 2018. Muda ulikuwa umepita mno, mashahidi wengi wameshakufa. Mdomo ulikuwa umefungwa na udongo.

Tupumzike kidogo, halafu nirudi hapa mtaani.

Kuna anayeniambia moyoni: "Mtangazaji, hiyo Mau Mau ni mambo ya Wakikuyu. Mimi ni Mkisii. Mimi ni Mluhya. Mimi Mjaluo. Inanihusu nini?" Nashukuru kwa swali. Rudi kwenye yale majina matano. Ndiku Mutua. Paulo Nzili. Ukiyasikia majina hayo hapa Mukuru, unajua mara moja ni ya Ukambani. Wakamba wawili, kati ya watano waliopeleka Uingereza mahakamani. Ongeza Pio Gama Pinto, Mgoa wa hapa hapa Nairobi, aliyekamatwa mwaka 1954 akawekwa kizuizini kisiwani Manda, karibu na Lamu. Ongeza Makhan Singh, Kalasinga wa vyama vya wafanyakazi, aliyefungiwa tangu mwaka 1950 hadi 1961. Waliobeba mzigo mzito kuliko wote ni Wakikuyu, Waembu na Wameru, hilo halina ubishi na halipaswi kufifishwa. Lakini vita vile viligusa hata jinsi tunavyoishi sasa.

Kivipi? Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 jeshi la Jenerali George Erskine lilizingira Nairobi. Operesheni hiyo iliitwa Anvil, yaani fuawe, kile chuma ambacho mhunzi hugongea nyundo. Mitaa ya Eastlands ilifungwa: Bahati, Pumwani, Kariokor na mingineyo. Watu walitolewa nyumbani, wakakalishwa chini. Kisha akaletwa mtu aliyefunikwa gunia kuanzia kichwani, gunia lenye matundu mawili ya macho. Wakikuyu walimwita gakunia. Watu wanapitishwa mbele yake mmoja mmoja. Akitikisa kichwa hivi, unaenda nyumbani. Akitikisa hivi, unaenda kambini: Lang'ata, Mackinnon Road, Manyani. Hujui ni nani aliye ndani ya gunia. Huenda ni jirani yako. Huenda jana mlikunywa chai pamoja. Maelfu kwa maelfu walipelekwa, na kazi zao na vyumba vyao vikachukuliwa na wengine, wengi wao Wakamba, Waluo na Waluhya. Kwa hiyo ukijiuliza Eastlands ilipataje mchanganyiko huu wa watu, jibu moja limelala kwenye operesheni ile. Ikiwa babu yako wa Kiluhya alipata chumba mjini mwaka 1954, kuna uwezekano aliyekuwa ndani ya chumba hicho kabla yake alikuwa Manyani. Sisemi hivyo ili tulaumiane. Babu yako alikuwa anatafuta unga kama mwingine yeyote. Nasema kwa sababu hakuna mtu wa Eastlands aliye nje ya hadithi hii.

Hata majina ya mitaa ni faili. Kariokor ni nini? Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakafa zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Dar es Salaam wana Kariakoo yao, asili ni hiyo hiyo. Na Mukuru kwa Reuben? Mukuru kwa Kikuyu ni bonde. Reuben, wazee husimulia, alikuwa Mzungu aliyewahi kuwa mwanajeshi, akaja kuwa na shughuli zake hapa. Kila ukimwelekeza mtu kwako, unamtaja.

Na kile kitambulisho chako? Vijana, mnakiitaje? Wengine bado mnasema kipande. Kipande ndicho cheti ambacho Mwafrika mwanamume alilazimishwa kukibeba, kikiwa ndani ya kijisanduku cha chuma kilichoning'inizwa shingoni, tangu miaka ile ya 1920. Bila hicho hukwenda kokote. Tumebaki na neno, tumesahau uzito wake shingoni.

Sasa nataka kuwa mkweli, maana nikiwasema Waingereza peke yao nitakuwa nimewapunja ninyi. Kilichochomwa na Mwingereza ni kimoja, tulichokinyamazia wenyewe ni kingine. Mau Mau ilipigwa marufuku mwaka 1950. Je, unajua marufuku hiyo iliondolewa lini? Usijibu haraka. Iliondolewa mwaka 2003. Miaka 40 baada ya uhuru! Miaka 40 mzee aliyetoka msituni aliishi katika Kenya huru akiwa, kwa mujibu wa sheria, mwanachama wa kundi haramu. Mzee Jomo Kenyatta mwenyewe alikuwa amesema Mau Mau ni ugonjwa uliokwisha, usikumbukwe tena. Tukaimbiwa kwamba sote tulipigania uhuru. Sentensi nzuri sana. Lakini ikiwa sote tulipigania, nani alikuwa ndani ya gunia? Na nani alipata shamba baadaye? Ndiyo maana, nadhani, hakukuwa na haraka kubwa ya kufungua faili. Faili ikifunguliwa haimtaji Mzungu peke yake.

Mtindo huo haujatutoka. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, TJRC, ilikabidhiwa kwa rais Mei 2013. Watu walitoka Wajir kuzungumzia mauaji ya Wagalla ya mwaka 1984, walitoka kila upande wa nchi, wakalia mbele ya tume. Mabuku mazito yakaandikwa. Bunge halijayapitisha. Hayakuchomwa, hayakutoswa baharini, yamewekwa tu. Kwa mwenye kidonda, kuna tofauti gani?

Na ajabu ni kwamba wale wapiganaji wenyewe, ambao tuliambiwa ni washenzi wa msituni, walithamini karatasi kutuzidi. Dedan Kimathi, kiongozi wao, alisisitiza mambo yaandikwe. Huko Nyandarua, kwenye baridi na mvua, mabomu yakianguka, walikuwa na makarani, na daftari za majina, na kumbukumbu za mikutano. Karari Njama, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuingia msituni, alikuwa mmoja wa waandishi hao. Fikiria mtu hana uhakika wa kula kesho, lakini anatafuta mahali pakavu pa kufichia daftari. Kwa ajili ya nani? Walijua siku moja mtu atauliza.

Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Sanamu yake tunayo, barabara yake tunayo. Lakini hakukabidhiwa kwa watu wake wamzike. Alitiwa ardhini mle mle gerezani.

Sasa tuingie nyumbani kwetu. Mmewahi kuona moto ukishika hapa mtaani? Swali la bure hilo, nani hajaona. Usiku mmoja moto ulishika ploti ya nyuma yetu, mabati yakaanza kulia. Kila mtu alikuwa anatupa nje alichoweza: godoro, meko ya gesi, televisheni. Mama mmoja jirani yangu, mjane, aliacha vyote. Alitoka amekumbatia mkebe wa biskuti, ule wa bati wa mviringo, umefungwa kwa kitambaa. Asubuhi, tumekaa kwenye majivu, nikamwuliza kuna nini. Akafungua. Cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto. Kadi za kliniki. Risiti za karo. Barua ya chifu. Na chini kabisa, ndani ya nailoni, kijitabu cha baba yake cha miaka ya Hali ya Hatari, kile cha kumruhusu mtu kutembea, chenye picha na alama ya kidole gumba. Picha imefifia, huwezi kujua kama alikuwa kijana au mzee. Alama ya kidole iko wazi kabisa, kila mstari. Aliniambia, "Baba hakuwahi kutuambia alifanywa nini. Hiki ndicho alichotuachia." Akafunga mkebe wake.

Wakazi wa Mukuru tunajua thamani ya karatasi kuliko watu wa mitaa ya matajiri. Kila mzozo wa ardhi unapozuka hapa, swali ni lile lile: karatasi iko wapi? Kaunti ilipotangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango, Agosti 2017, kazi kubwa ilikuwa kuhesabu kaya, kuchora ramani, kuandika. Sisi wenyewe tuliona tofauti kati ya mtaa ulioandikwa na mtaa usioandikwa. Kwa hiyo tusidhani kumbukumbu za taifa ni shughuli ya maprofesa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na tangu mwaka 2016 kuna sheria ya kuitekeleza haki hiyo. Raia ni wewe. Huhitaji tai.

Ninawaombeni mambo mawili, na ni mepesi. La kwanza: wewe kijana mwenye simu yenye kurekodi, wikendi hii ukienda kumwona guka au shosho, kabla hujampiga picha ya kuweka mtandaoni, mkalishe. Mwulize alikuwa wapi mwaka ule wa 1954. Usimkatize. Akilia, ngoja. Akinyamaza, ngoja pia. Mzee aliyekuwa na miaka kumi wakati huo leo amepita themanini. La pili: kama mna kijitabu, barua, picha, cheti cha zamani, msikitupe wakati wa kuhama. Kipigeni picha vizuri mchana, mbele na nyuma. Kiwekeni pakavu, mbali na mafuta ya taa. Na ukiona pini ya kutu, itoe pole pole.

Nimebakiwa na dakika moja, fundi mitambo ananipungia mkono.

Kuna sanamu pale Uhuru Park, iliyozinduliwa Septemba 2015 kutokana na makubaliano yale ya London. Mwanamke anampa mpiganaji chakula. Hawatazamani. Kila mmoja ameelekeza uso pengine, ili akikamatwa asiweze kusema alimwona nani. Nendeni mkaitazame, ni bure.

Na Ijumaa hii, saa tatu asubuhi, mimi na vijana wachache wa hapa mtaani tunakutana Archives. Tutapitia Lunga Lunga Road kwa miguu, asiye na nauli aje tutembee. Yule mama wa mkebe amesema atakuja nao. Anataka kuuliza kama kuna karatasi yoyote mle yenye jina la baba yake.